Honi ya Malampaka

Ndugu msomaji, kama hujawahi kuwa na rafiki aliyekuzidi umri kwa miaka arobaini, huenda usinielewe upesi. Hata washikaji zangu wa kijiweni pale Bariadi hawakunielewa. "Hivi wewe na yule mzee mnaongea nini kutwa nzima?" waliniuliza. Jibu lilikuwa moja, nao walilijua kabla sijafungua mdomo: reli.

Kichekesho chenyewe ni kwamba Bariadi hakuna reli. Haijawahi kuwapo. Kuna pamba, kuna ng'ombe, kuna vumbi la kiangazi na tope jeusi la masika, na tangu mwaka 2012 kuna ofisi za mkoa, maana mwaka huo ndipo Simiyu ilipomegwa kutoka Shinyanga na Bariadi ikawa makao makuu. Lakini reli, hapana. Katika mkoa mzima reli inakata kona moja tu, kule Malampaka wilayani Maswa, ikitokea Shinyanga kwenda Mwanza. Mtu wa Bariadi kupenda treni ni sawa na mtu wa Dodoma kupenda uvuvi.

Tulimwita Babu Reli. Kazi yake ilikuwa fundi baiskeli, kibanda chake kikiwa chini ya mwarobaini, hatua chache kutoka sokoni. Ukutani, mahali ambapo mafundi wengine hubandika wachezaji wa Simba na Yanga, yeye alikuwa amebandika picha za vichwa vya treni, zimekatwa magazetini, nyingine zimegeuka rangi ya chai. Vijana walimtania sana. Si unajua Gamboshi? Kile kijiji chetu ambacho sifa zake za uchawi zimevuma nchi nzima, hata wapo wanaosimulia kwamba usiku pale huonekana mji mkubwa unaowaka taa kama Ulaya. Basi vijana walikuwa wakimwambia, "Babu, treni ya Bariadi ipo, inaondokea Gamboshi saa nane usiku, nauli jogoo mweusi." Naye, bila kuinua macho kwenye gurudumu, hujibu: "Nikatieni daraja la kwanza."

Mimi nilimfahamu kwa sababu ya mnyororo uliokatika. Nilikuwa nimemaliza chuo, kazi sina, mchana naendesha gari la mjomba kwa deiwaka na usiku naandika hadithi kwenye madaftari ambazo sikumwonyesha mtu. Alinitazama, akaniuliza kama nimewahi kupanda treni. Nikasema bado. Akaweka spana chini.

"Umesoma mpaka chuo, na hujapanda treni?"

"Nilisoma Mwanza, Babu. Nilikwenda na basi."

"Mwanza kwenyewe treni ipo," akasema, kwa huzuni ya mtu aliyeambiwa mwenzake kafika Makka hakuingia msikitini.

Siku hiyo mnyororo ulipona kwa dakika kumi, lakini niliondoka jua linazama.

* * *

Habari yake ilianza mwaka 1966, akiwa mtoto wa miaka tisa. Baba yake alikuwa mkulima wa pamba, na pamba ya Usukuma enzi hizo ilikuwa na wenyewe: vyama vya ushirika vilivyokusanyika chini ya Shirikisho la Victoria, lile lililoasisiwa mwaka 1955 na kina Paul Bomani. Msimu ule baba alipanda lori la marobota kwenda Malampaka, naye mtoto akapandishwa juu ya mzigo, akalala usingizi kwenye ulaini wa pamba.

"Sikuiona kwanza," alizoea kusema. "Niliisikia. Nilishtuka usingizini, nikadhani ni mnyama. Nikamwuliza baba, 'Ni nini kinacholia vile?' Baba akasema, 'Hicho ndicho kinachokula pamba yetu.'"

Kisha akakiona. Kichwa cha mvuke, cheusi kwa moshi, kinapumua. Reli hii ya kutoka Tabora kwenda Mwanza ilikuwa imefunguliwa mwaka 1928, wakati wa Mwingereza; ile ya kati, ya Dar es Salaam hadi Kigoma, Mjerumani alikuwa ameimaliza mwaka 1914, muda mfupi tu kabla ya kunyang'anywa nchi. Yeye wakati huo hayo yote hakuyajua. Alichokishika ni kwamba kile kidude kilikuwa na namba ubavuni, na kwamba kilikuja kwa saa zake, kikaondoka kwa saa zake, wala hakikumwomba mtu radhi. Alipojua kuandika vizuri akaanza daftari: tarehe, mahali, saa, namba ya kichwa, idadi ya mabehewa. Basi. Hakuandika mvua ilinyesha au la, wala alikuwa na nani. Miaka zaidi ya hamsini, kurasa kwa kurasa, kila alipopata nauli ya kufika penye reli.

Kutoka kwake nilijifunza mambo ambayo shuleni hayakunigusa. Kwamba nchi yetu ina reli za upana wa aina tatu. Reli ya kati na matawi yake ni milimita 1,000, yaani mita moja kamili. TAZARA, tuliyojengewa na Wachina kati ya mwaka 1970 na 1975, ina 1,067, kwa sababu ilibidi ilingane na reli za Zambia na nchi za kusini. Na hii mpya, ya kisasa, ina 1,435. Kwa hiyo pale Kidatu, reli mbili za nchi moja zinapokutana, behewa la huku haliwezi kuendelea kule. Mzigo unashushwa na kupakiwa upya. "Ni kama ndugu wawili waliooa nyumba moja lakini hawasalimiani," alisema.

Alijua kwamba vichwa vya mvuke vya Afrika Mashariki vilipewa majina, vingine ya milima, vingine ya makabila, na kwamba kimoja kiitwacho Nyaturu kimehifadhiwa kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Alijua kwamba vile vichwa vya dizeli vyenye namba inayoanzia na 88 vilitoka Kanada katika miaka ya 1970. Alikuwa amesimama bandarini Mwanza akaona mabehewa yakisukumwa hadi ndani ya tumbo la meli ya MV Umoja, yavuke ziwa. "Treni inapanda meli, wewe! Na wewe unaniambia basi!"

Lakini alijua pia jambo la kutisha, nalo alilisema kwa sauti ya chini: reli hung'olewa. Kule kusini, Mwingereza alijenga reli kutoka Mtwara kwenda Nachingwea kwa ajili ya ule mradi wake wa karanga wa baada ya vita. Karanga zikagoma kuota, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli yote ikang'olewa. "Watoto waliozaliwa baadaye," alisema, "ukiwaambia hapa palipita treni, wanakuona mwongo."

Mwaka 1977, akiwa kijana wa miaka ishirini, alikwenda Tabora kutafuta kazi ya reli. Aliendesha baiskeli mpaka Malampaka, akaiacha kwa mtu, akapanda daraja la tatu. Ndio mwaka ule ule Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mali zikagawanywa, kila nchi ikabaki na vichwa vilivyokutwa kwake. Alizunguka wiki mbili. Kazi hakupata. Alirudi Malampaka, akachukua baiskeli, ikapata pancha njiani mara tatu, na kila mara aliziba mwenyewe. "Ndivyo nilivyopata ufundi," alisema akicheka. Nilicheka naye. Sikumwuliza alilia au hakulia.

* * *

Sasa niingie kwenye safari yenyewe.

Ilikuwa Juni 2022. Mwaka mmoja kabla, Juni 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa ameweka jiwe la msingi la reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, pale Fela, kilometa 341 kwa jumla. Njia hiyo nayo inapitia Malampaka. Babu Reli alitaka kuona tuta. Lakini kulikuwa na jambo la pili. Jicho lake la kulia lilikuwa limeshafunikwa na mtoto wa jicho, na la kushoto lilianza kufuata.

"Nataka niione moja," akaniambia. "Moja tu, namba nisome mwenyewe."

Mjomba wangu alikuwa na Probox, zile tunazoziita mchomoko. Nilimwomba kwa siku moja. Akakubali kwa sharti: gari liwe nyumbani kabla ya giza, kwa kuwa usiku huo litabeba choroko za mteja. "Ukichelewa, funguo utazisikia kwa wenzio," alisema. Mjomba hatanii, na gari lile ndilo lililokuwa ugali wangu. Naomba ulikumbuke hilo, msomaji, utakaponihukumu.

Tuliondoka alfajiri. Babu alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na koti ambalo sikuwahi kuliona, na mkononi alishika kijiti kilichochongwa vizuri, kirefu. Nikadhani ni mkongojo. Bibi alisimama mlangoni, akatukabidhi michembe kwenye mfuko, akasema, "Mwambie huyo treni yake, mimi ndiye niliyemuosha shati." Yeye alikuwa amekwisha kubali kwamba ana mke mwenza wa chuma.

Lami ya Bariadi hadi Maswa ni kilometa 50 hivi, na kwa gari lile ni mwendo wa kupiga stori mbili. Pembeni pamba ilikuwa inavunwa. Vipande vyeupe vilivyodondoka kwenye malori vilikuwa vimenasa kwenye miiba ya migunga, utafikiri mti umechanua. Ng'ombe, mawe makubwa yaliyobebana, mibuyu, minyaa iliyozunguka miji. Babu hakuvitazama. Alikuwa ananifundisha kusubiri treni, kana kwamba ni somo.

"Njia ni moja," alisema. "Treni mbili hazipishani popote, zinapishana stesheni tu. Kwa hiyo stesheni masta wa huku haachii treni mpaka wa kule amwambie njia ni tupu. Ukiona treni imesimama porini stesheni ndogo masaa mawili, usitukane. Kuna mwenzake anakuja."

"Basi lingekuwa limeshafika Dar, Babu."

"Basi linakimbia kwa sababu halimwamini mwenzake."

Maswa mjini, pale Nyalikungu, tulikunywa chai. Mama muuza alimwamkia, "Mwangaluka, baba," naye akaitikia na kumweleza, bila kuulizwa, kwamba tunakwenda kuona treni. Mama akamtazama, akanitazama mimi, akanipa kikombe cha pili bila kunidai. Nadhani alifikiri nampeleka mzee hospitali.

Kutoka Maswa kwenda Malampaka siku ile lami hakuna. Barabara ya vumbi, mashimo, majaruba yaliyokauka pande zote, ardhi nyeusi ya mbuga imepasukapasuka. Mchomoko ukawa unaruka kama mbuzi. Babu alishikilia kijiti chake asikivunje. Tulifika kama saa nne asubuhi.

* * *

Stesheni ya treni isiyokuwa na treni ni mahali pa kimya sana. Jengo, benchi, kuku wawili, na reli zinazokwenda mpaka jicho linachoka. Babu alivua kofia. Kisha akaomba ruhusa kwa kijana aliyekuwa pale zamu, akapewa, akashuka kwenye kokoto taratibu, nikiwa nimemshika kiwiko. Akakilaza kijiti kati ya chuma na chuma.

Kiliingia barabara. Hapakubaki hata nafasi ya ukucha.

"Mita moja," akasema. "Nilikichonga mwaka 1977, nikiwa nasubiri hapa hapa, nikitoka Tabora. Nilisema kama kazi wamekataa kunipa, basi kipimo ninacho."

Akanionyesha mataruma ya chuma, yale yaliyolala chini ya reli, akagonga moja kwa kijiti, likaitika. Tulikwenda pia kuona tuta la reli mpya, udongo mwekundu umeshindiliwa, pana kama uwanja. Alikilaza kijiti chake pale juu, ingawa reli zenyewe bado, akapima mita moja, kisha akaongeza shubiri mbili na kidogo. Akasimama hapo, mguu mmoja ulipokuwa uwe chuma cha kushoto na mwingine usifike cha kulia.

"Hii ni ya kwenu," akasema. "Mimi miguu yangu haitoshi."

Tukarudi kwenye benchi, tukala michembe, tukasubiri. Siku ile hapakuwa na treni ya abiria. Tuliambiwa ipo ya mizigo inatoka upande wa Shinyanga, na ya mizigo haina miadi na mtu, inakuja ikija. Saa sita ikapita. Saa saba, reli zikaanza kuimba kwa mbali. Babu akasimama, akafunga kifungo cha koti, akatoa daftari na kalamu, akafuta miwani. Mara kikatokea kiberenge, kile kigari cha mafundi wa njia, wanaume watano juu yake wanacheka. Wakatupungia. Babu akawapungia pia, akaketi, akaandika. Nilichungulia: aliandika hata kiberenge.

Saa tisa, yule kijana wa zamu akaja kutuambia kwamba treni imeshatoka Shinyanga, lakini itasimama Seke kupisha nyingine. Babu akanitazama kwa fahari, kana kwamba treni imesimama kuthibitisha somo lake. Na hapo hapo simu yangu ikaita. Mjomba.

"Uko wapi?"

"Malampaka."

"Jua unaliona?"

Nikasema naliona. Akakata.

Tangu hapo, msomaji, sikuwa tena pale. Mwili ulikuwa kwenye benchi, akili ilikuwa imeshawasha gari. Nilihesabu: saa moja na ushee mpaka Maswa kwa barabara ile, saa moja nyingine mpaka Bariadi. Nikasubiri nusu saa. Nikasubiri robo saa. Kisha nikasema lile neno.

"Babu, twende. Tutakuja tena."

"Imeshatoka Shinyanga, ng'wanawane," alisema, taratibu, kama mtu anayemkumbusha mwenzake jina alilosahau.

"Najua, Babu. Lakini gari si langu."

Hakubishana. Kubishana ningekuweza. Alikunja daftari, akalitia mfukoni, akachukua kijiti, akamwaga yule kijana wa zamu kwa mkono. Kwenye gari hakusema kitu. Tulikuwa tumekwenda kama kilometa nne, tano, tukakuta kundi la ng'ombe linakata barabara, nami nikalazimika kusimama na kuzima injini. Kengele za ng'ombe zilikuwa zikilia, vumbi limetulia kidogo.

Ndipo tukaisikia. Nyuma yetu, mbali, honi ndefu. Halafu ya pili.

Babu aliinua mkono, kama anavyoinua mwanafunzi anayejua jibu. Akabaki hivyo. Aligeuza kichwa upande ule, lakini jicho la upande ule lilikuwa lile lisiloona.

Ng'ombe wa mwisho akapita. Barabara ikawa nyeupe mbele yangu. Nyuma pia ilikuwa nyeupe. Dakika kumi ningekuwa nimerudi, na treni ya mizigo haipiti stesheni kama umeme. Huenda ingesimama, huenda tungeiwahi hata mkia. Hayo yote niliyafikiria, tena kwa utulivu. Kisha nikawasha gari, nikaenda mbele.

Tulifika Bariadi giza halijaingia. Mjomba alikuwa ameketi nje anasikiliza redio. Mteja wa choroko alikuwa ameahirisha. Gari lililala uani usiku kucha.

* * *

Tutakuja tena. Neno jepesi kweli. Mwaka ule mvua zikaharibu barabara. Mwaka uliofuata nikapata kazi ya muda Mwanza, nikawa natuma salamu kwa simu. Kila nikipiga ananiuliza kama nimekwenda stesheni ya Mwanza, na kila mara nasema, "Jumapili hii, Babu." Hakuwahi kuitaja siku ile ya Malampaka hata kwa utani, naye alikuwa mtu wa kutania kila kitu. Mimi ni mjukuu, yeye babu. Kwa desturi yetu angeweza kunitukana mbele za watu na mimi nikacheka. Hakunitukana. Hilo ndilo lililonikaa rohoni.

Alifariki Januari 2024. Nilifika mazikoni asubuhi ya siku yenyewe, kwa basi. Matanga yalipokwisha, Bibi aliniita ndani, akanipa madaftari, saba, yamefungwa kwa mpira wa baiskeli. "Mimi sisomi namba," akasema. "Wewe ndiye mwandishi." Sikujua kama alikuwa anafahamu kwamba naandika. Kumbe mzee alikuwa amemwambia.

Sikuyafungua wiki nzima. Nilikuwa na hofu ya ukurasa mmoja tu. Nilipoufungua, nilikuta mwandiko wake, mkubwa kuliko wa zamani kwa sababu ya macho, umepinda kidogo. Tarehe. Malampaka. Kiberenge, saa 7:10 mchana, watu 5. Na chini yake:

"Treni ya mizigo, saa 10:25 jioni. Honi imesikika mara mbili. Namba haikuonekana."

Basi. Hakuandika kwa nini haikuonekana. Katika madaftari yote saba hakuna mahali alipoandika kwa nini. Niliusoma mstari ule mara nyingi, nikitafuta lawama, na ningefurahi kuiona. Mimi naandika hadithi. Ningeandika kurasa nne za uchungu kwa jambo kama lile, ndizo hizi unazosoma. Yeye aliandika alichokisikia, akaacha asichokiona.

* * *

Tarehe 1 Agosti 2024 nilikuwa kwenye mgahawa mmoja Bariadi wakati runinga ilipoonyesha uzinduzi wa treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Watu walisimama na sahani zao mkononi. Kijana mmoja, mmoja wa wale wa utani wa Gamboshi, akasema kwa sauti, "Babu Reli angekuwepo leo, tusingelala." Wakacheka. Kisha wakanyamaza kwa pamoja.

Wiki iliyofuata nilikwenda Malampaka. Safari hii sikuomba gari la mtu. Nilipanda basi mpaka Maswa, kisha bodaboda, mgongo ukaisoma barabara yote. Nilibeba daftari la saba na kile kijiti. Nilikaa kwenye benchi lile lile tangu saa tatu asubuhi. Simu niliizima. Sina cha kujisifu hapo, kuzima simu mtu akiwa hana anayemsubiri ni rahisi.

Ilikuja saa kumi na moja kasoro. Kwanza ile sauti kwenye chuma, halafu honi. Sikujua kwamba honi ya treni ukiwa karibu inaingia kifuani kabla ya masikioni. Hilo hakunieleza, au alinieleza sikusikiliza. Kichwa kilikuwa kimoja, namba inaanzia na 88. Niliisoma yote, nikaitamka kwa sauti nisiisahau, nikahesabu mabehewa mpaka mkia. Nilifungua daftari lake, nikaona mwandiko wake, nikashindwa kuandika chini yake. Nikaandika kwenye kiganja changu.

Nilifika kwa Bibi usiku. Alikuwa bado macho, anapepeta choroko kwenye mwanga wa taa. Nikamwamkia, nikamwonyesha kiganja, nikamsomea namba. Aliendelea kupepeta. Nikadhani hajanisikia. Halafu akauliza:

"Mabehewa mangapi?"

"Kumi na tisa, Bibi."

Akafikiri kidogo.

"Angesema ni fupi," akasema, akanisogezea kigoda.